Kosa Lisilo na Mlalamikaji

Mtu akiibiwa baiskeli, huenda polisi mwenyewe. Akipigwa, huenda na jeraha lake. Sheria nyingi za jinai huendeshwa hivyo: yupo aliyeumizwa, na yeye ndiye anayeiita dola. Hakuna haja ya askari kukesha dirishani, kwa sababu aliyedhulumiwa atapiga kelele.

Sasa chukua sheria ya aina nyingine. Inawakataza mke na mume kutumia dawa ya kuzuia mimba, au inamkataza mtu kunywa bia sebuleni kwake, au inaamua nani amwoe nani kwa kuangalia rangi ya ngozi. Ikivunjwa, nani atakwenda kushtaki? Mke? Mume? Mnywaji? Wote waliokuwepo walikuwepo kwa hiari yao. Hakuna mlalamikaji.

Fundo liko hapo. Tunapojadili serikali inayojiingiza katika maisha binafsi ya watu, mara nyingi tunabishana kuhusu lengo. Je, pombe si mbaya? Je, idadi ya watu si kubwa mno, au ndogo mno? Ni ubishi halali, lakini unapita kando ya hatari yenyewe, ambayo imejificha kwenye utekelezaji. Kosa lisilo na mlalamikaji haligunduliki mpaka serikali iweke jicho lake pale ambapo jicho la mgeni halikutakiwa. Jicho hilo lina mshahara, lina faili, lina bosi, na halifumbi sheria ikifutwa.

Sijui nchi iliyolionyesha jambo hili waziwazi kuliko Romania. Oktoba 1966, serikali ya Nicolae Ceaușescu ilitoa Amri Namba 770. Ilitaka taifa kubwa, lenye nguvu kazi ya kutosha. Amri hiyo ilipiga marufuku utoaji mimba isipokuwa kwa makundi machache, kama wanawake waliopita miaka 45 au waliokwisha kuzaa watoto wanne, na dawa za kuzuia mimba zikaadimika. Mwanzoni mipango ilikwenda kama ilivyotakiwa. Mwaka 1966 walizaliwa watoto 14.3 kwa kila watu 1,000. Mwaka uliofuata kiwango kikaruka hadi 27.4. Ukiishia hapo unaweza kudhani amri ilifaulu. Baada ya muda watu wakajifunza njia za panya, na kiwango kikaanza kuporomoka tena mwaka hadi mwaka.

Tazama basi serikali ililazimika kufanya nini. Mimba changa haionekani kwa karani wa takwimu, na mwanamke aliyeitoa kwa siri hana sababu ya kujitangaza. Kwa hiyo daktari akageuzwa mpelelezi. Katika miaka ya 1980 wanawake walipimwa viwandani na maofisini ili mimba ijulikane mapema, na ikishajulikana iandikwe, na ikishaandikwa ifuatiliwe mpaka mtoto azaliwe. Maofisa wa usalama waliwekwa hospitalini. Mwanamke aliyefikishwa akitokwa na damu alihojiwa kwanza, na daktari aliyemwona anakufa mbele yake alijua kwamba akimtibu kabla ya kupata ruhusa anaweza kufungwa jela. Watu wazima wasio na watoto walitozwa kodi ya ziada, waliooa na wasiooa, wagumba na wenye uzazi.

Inakadiriwa kuwa wanawake wapatao 10,000 walikufa kwa utoaji mimba usio salama katika miaka hiyo 23, na vifo vya wajawazito nchini humo vikawa vya juu kuliko kokote Ulaya. Utawala ulipoanguka Desemba 1989, dunia iliona picha za vituo ambamo watoto zaidi ya 100,000 walikuwa wamefungiwa. Wengi walikuwa na wazazi walio hai ambao hawakuweza kuwalea. Kufuta amri hiyo kulikuwa miongoni mwa hatua za kwanza kabisa za watawala wapya.

Msomaji anaweza kusema: huyo alikuwa dikteta, na malengo yake yalikuwa ya kidikteta. Basi geuza lengo. Wakati Romania ikiwalazimisha wanawake kuzaa, China ilikuwa inawazuia. Kuanzia mwaka 1980, sera ya mtoto mmoja iliwekwa kwa hoja ambayo wataalamu wengi wa dunia wakati huo waliiona kuwa ya busara: watu ni wengi, chakula na ardhi havitoshi. Lengo lilikuwa kinyume kabisa cha lile la Romania, lakini zana zilikuwa zilezile. Kulikuwa na maofisa wa uzazi, kamati za mitaa zilizofuatilia hedhi za wanawake, faini, na mara nyingi mwanamke kuburutwa kwenda kufungwa kizazi au kutolewa mimba. Katika familia zilizotaka mtoto wa kiume, shinikizo lilihamia kwa mtoto wa kike. Miaka ya 2000 walikuwa wanazaliwa takriban wavulana 118 au zaidi kwa kila wasichana 100. Mwaka 2016 serikali iliruhusu watoto wawili, mwaka 2021 watatu. Mwaka 2022 idadi ya watu ilianza kushuka kwa mara ya kwanza baada ya miongo sita, na sasa serikali iliyokuwa ikiwatoza faini waliozaa inawabembeleza vijana wazae.

Kwa hiyo tukikaa kubishana iwapo watu wawe wengi au wachache, tunaliacha swali kubwa nje. Romania na China zilikubaliana katika jambo moja tu: kwamba tumbo la uzazi ni idara ya serikali. Mengine yote yalitiririka kutoka hapo.

Wala si lazima pawe na dikteta. Marekani ilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa pombe kuanzia mwaka 1920, kwa marekebisho ya Katiba yaliyopitishwa kwa njia halali na kuungwa mkono na watu waliochoshwa, kwa haki kabisa, na ulevi ulioharibu familia. Lakini muuzaji hakulalamika na mnunuzi hakulalamika. Huko Seattle, aliyekuwa ofisa wa polisi, Roy Olmstead, alijenga biashara kubwa ya magendo ya pombe. Ili kumkamata, maofisa wa serikali walijiunganisha kwenye nyaya za simu za washirika wake na kusikiliza kwa miezi. Kesi ilifika Mahakama ya Juu mwaka 1928, na kwa kura 5 dhidi ya 4 majaji wakasema hapakuwa na upekuzi wowote, kwa sababu hakuna aliyekanyaga ndani ya nyumba ya mtu.

Jaji Louis Brandeis alipinga. Ndiye aliyekuwa ameandika pamoja na Samuel Warren, mwaka 1890, makala maarufu kuhusu haki ya faragha, wakati ambapo tishio lilikuwa waandishi wa magazeti na kamera zao mpya. Sasa aliona tishio kubwa zaidi, akaandika kwamba haki ya mtu kuachwa na mambo yake ndiyo iliyo pana kuliko zote na inayothaminiwa zaidi na watu waliostaarabika. Marufuku ya pombe ilifutwa mwaka 1933. Kusikiliza simu hakukufutwa nayo. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1967 ndipo mahakama hiyohiyo iseme kwamba Katiba inamlinda mtu, si kuta zake tu. Miaka 34 baada ya pombe kuruhusiwa, sikio lililozaliwa kwa ajili yake lilikuwa bado linasikiliza mambo mengine.

Kesi nyingine ya huko huniijia kila mjadala huu unapozuka. Jimbo la Connecticut lilikuwa na sheria ya mwaka 1879 iliyokataza matumizi ya vidhibiti mimba, hata kwa wanandoa. Angalia neno hilo: matumizi, si uuzaji peke yake. Estelle Griswold alifungua kliniki New Haven mwaka 1961, akakamatwa, na kesi yake ikaamuliwa mwaka 1965. Katika hukumu, Jaji William Douglas aliuliza kama tungeruhusu polisi wapekue vyumba vya kulala vya wanandoa wakitafuta dalili za vidhibiti mimba. Swali lenyewe liliimaliza sheria. Kama unaona aibu kuwaza namna ya kuitekeleza, tatizo halikuanza kwenye utekelezaji. Lilikuwa ndani ya sheria tangu siku ilipoandikwa.

Afrika Kusini haikuona aibu hiyo. Chini ya sheria zilizokataza ndoa na mapenzi kati ya wazungu na watu wa rangi nyingine, polisi walivizia nyumba usiku, wakavunja milango, wakagusa mashuka kama yana joto. Sheria hizo zilidumu mpaka mwaka 1985.

Hapa lazima nisimame, maana hoja yangu ikiachwa hivi itamfaa mtu ambaye sitaki imfae. Mlango uliofungwa umewaficha wadhalimu wengi. Kwa karne nyingi "hayo ni mambo ya ndani" lilikuwa jibu alilopewa mke aliyepigwa. Uingereza, nchi inayojisifu kwamba nyumba ya mtu ni ngome yake, ilikuwa na kanuni kwamba mume hawezi kuhesabiwa kuwa amembaka mkewe; ilifikia mwaka 1991 ndipo jopo la juu la majaji likaitupa. Ngome ilikuwa ya mwanamume. Mwanamke alikuwa mfungwa ndani yake.

Kwa sababu hiyo sipendi mpaka unaochorwa kwenye kizingiti, eti nje ni kwa serikali na ndani ni kwa mwenye nyumba. Kipimo kinachofaa ni kilekile nilichoanza nacho: yupo aliyeumizwa? Mke aliyepigwa ni mlalamikaji. Mtoto anayelazwa na njaa ni mlalamikaji, hata kama bado hajui kusema, na jirani au mwalimu anayesema kwa niaba yake hafanyi umbea. Serikali inapoingia katika nyumba kama hiyo inaitikia wito. Inapoingia kutafuta dawa za kuzuia mimba kabatini, hakuna aliyeiita.

Yapo ya katikati, na nisingependa kujifanya kwamba hayapo. Jimbo la Victoria nchini Australia lililazimisha mkanda wa usalama garini mwaka 1970, la kwanza duniani, na sioni udikteta hapo: kosa linatendeka barabarani, linaonekana kwa macho ya kawaida, na halihitaji kumbukumbu ya maisha ya mtu. Chanjo ni ngumu zaidi, kwa sababu ugonjwa unaambukiza na aliyeambukizwa ni mlalamikaji halisi. Mwaka 1905 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Jacobson iliyohusu ndui, ilikubali mtu aliyekataa chanjo atozwe faini ya dola 5. Binafsi naiona hukumu hiyo kuwa ya busara kwa wakati wake.

Tatizo ni ilikopelekwa baadaye. Mwaka 1927 mahakama hiyo ililetewa sheria ya Virginia iliyoruhusu kuwafunga kizazi kwa nguvu watu walioitwa punguani. Msichana aliyehusika, Carrie Buck, alikuwa amezaa baada ya kubakwa, na hakuwa punguani. Jaji Oliver Wendell Holmes aliandika kwamba kanuni inayotetea chanjo ya lazima ni pana kiasi cha kutosha kujumuisha kukata mirija ya uzazi, akataja kesi ya Jacobson kama ushahidi wake. Kutoka faini ya dola 5 hadi kisu cha daktari ilichukua miaka 22. Zaidi ya Wamarekani 60,000 walifungwa kizazi chini ya sheria za majimbo za namna hiyo. Aliyeiruhusu faini hakuwa amekusudia kisu, ila hakuandika popote kwamba kanuni yake inakomea kwenye faini.

Tuje kwenye faili, maana jicho la serikali halioni tu. Linaandika, na maandishi huishi kuliko mwandishi.

Uholanzi ya miaka ya 1930 ilikuwa na daftari la wakazi lililosifiwa kwa unadhifu. Kila mtu alikuwa na kadi yake, na dini yake imo. Hakukuwa na njama yoyote. Ilikuwa kazi ya ukarani wa kawaida katika nchi ya kidemokrasia, na mtu aliyelalamika angeonekana mkorofi. Mei 1940 Wajerumani wakaivamia nchi, wakakuta kazi imekwisha kufanywa. Kati ya Wayahudi wapatao 140,000 waliokuwa Uholanzi, takriban robo tatu waliuawa, sehemu kubwa kuliko karibu nchi zote za Ulaya Magharibi. Sababu zilikuwa nyingi, lakini lile daftari safi ni mojawapo. Usiku wa 27 Machi 1943 kikundi kikiongozwa na msanii Willem Arondeus kilivaa sare za polisi, kikaingia ofisi ya daftari ya Amsterdam na kuitia moto. Inasimuliwa kwamba wazima moto walichelewa kwa makusudi, kisha wakamwaga maji mengi kuliko yaliyohitajika ili kadi zilizopona ziharibike. Sehemu tu ya kadi ndiyo iliyoteketea. Wanaume 12 wa kikundi hicho walipigwa risasi Julai mwaka huo.

Rwanda ilikuwa na hadithi ya jamii hiyo. Wabelgiji walianza kuandika kabila kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930, kwa faida ya utawala wao. Wabelgiji wakaondoka, kitambulisho kikabaki. Miaka 60 hivi baadaye, mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno moja lililochapwa kwenye karatasi lilitosha kuamua nani apite na nani auawe.

Ukiyatazama haya mawili pamoja unaona upungufu wa swali linaloulizwa siku hizi kila mfumo mpya wa utambulisho unapozinduliwa: "Kwani huiamini serikali hii?" Huenda naiamini. Lakini simkabidhi waziri wa leo peke yake taarifa zangu. Namkabidhi pia yule atakayekuja baada yake, na mwingine baada ya huyo, na mvamizi ambaye jina lake bado halijulikani.

Wala haihitaji miaka 60. Singapore ilipoanzisha mfumo wa TraceTogether mwaka 2020 ili kufuatilia maambukizi ya korona, wananchi waliambiwa taarifa zitatumika kwa kufuatilia wagonjwa tu. Januari 2021 Bunge likafahamishwa kwamba polisi wanaweza kuzichukua kwa upelelezi wa jinai, na kwamba walikwisha kuzitumia katika kesi ya mauaji. Baada ya malalamiko, sheria ilipitishwa mwezi uliofuata kuweka mipaka ya makosa makubwa. Hakuna aliyekusudia kudanganya, kama ninavyoelewa. Kulikuwa tu na sheria ya zamani iliyowapa polisi mamlaka ya kudai taarifa yoyote, na mtambo mpya ukajikuta chini yake. Ndivyo mambo haya yanavyokwenda mara nyingi, bila adui, bila kikao cha siri.

"Mimi sina cha kuficha." Sentensi hii inastahili jibu, kwa sababu wanaoisema ni watu waadilifu. Kosa lake ni kuchanganya siri na faragha. Siri ni kile ambacho hutaki kijulikane. Faragha ni uwezo wa kuchagua nani ajue nini. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata imo mtungini kwa ridhaa ya mwenye mtungi. Anayetetea faragha hasemi mtungi usichotwe, anasema kata isiwe ya kila mpita njia. Daktari wako anajua ugonjwa wako, rafiki yako anajua deni lako, na hakuna ubaya. Ubaya ni pale bosi wako anapojua ya daktari na polisi anapojua ya rafiki.

Isitoshe, "cha kuficha" hukipangi wewe. Mwaka 2019 shirika la Human Rights Watch lilichambua programu ya simu iliyotumiwa na polisi wa Xinjiang nchini China. Miongoni mwa mambo yaliyomfanya mtu atiliwe shaka ni kutumia umeme mwingi kupita kawaida, kutochangamana na majirani, na kupenda kutumia mlango wa nyuma. Hebu fikiria ni nani aliyewahi kudhani kwamba mlango wa nyuma ni kitu cha kuficha.

Halafu kuna madhara yasiyoonekana kwenye takwimu za waliokamatwa, kwa sababu hayahitaji mtu akamatwe. Jeremy Bentham, mwishoni mwa karne ya 18, alibuni gereza lenye mnara katikati, ambapo mfungwa hawezi kujua ni lini anatazamwa. Uzuri wake, machoni pa mbunifu, ni kwamba si lazima kuwe na mlinzi mnarani muda wote. Mfungwa atajilinda mwenyewe. Mwaka 1983 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani Magharibi ilieleza jambo hilohilo kwa lugha ya sheria iliposimamisha sensa iliyokuwa imepangwa mwaka huo. Ilisema mtu asiyejua kama mwenendo wake usio wa kawaida unaandikwa mahali fulani atajitahidi asionekane, na anayehisi kwamba kuhudhuria mkutano kutarekodiwa anaweza kuacha haki yake ya kuhudhuria. Majaji hawakukataa sensa. Ilifanyika mwaka 1987, kwa masharti. Walikataa wazo kwamba raia asijue nani anajua nini juu yake.

Jirani yao wa mashariki, wakati huohuo, alikuwa ameifikisha kazi hii mbali kuliko mtu yeyote kabla ya enzi ya kompyuta. Stasi, shirika la usalama la Ujerumani Mashariki, lilikuwa na wafanyakazi wapatao 91,000 mwaka 1989 na wadokezi wengine karibu mara mbili ya hao, katika nchi ya watu milioni 16. Katika miaka yake ya mwisho halikupenda sana kukamata. Kukamata kunaleta kelele nje ya nchi. Lilikuwa na mbinu ya kummomonyoa mtu. Maofisa waliingia nyumbani kwake asipokuwepo na kusogeza vitu kidogo. Walieneza uvumi kwamba ana hawara, walimkwamisha kazini bila kueleza sababu, mpaka marafiki wakamkimbia na mwenyewe akaanza kutilia shaka akili zake. Haya yasingewezekana bila kuijua ndoa yake, dawa anazomeza na mtu anayemwamini. Ndiyo sababu maisha binafsi huvutia watawala hata wale wasiojali maadili ya mtu: mtu huvunjikia pale anapopenda.

Nini kinazuia? Zamani kidogo, kabla ya simu na kompyuta, wajumbe wa Mfalme wa Uingereza waliivamia nyumba ya mwandishi John Entick, mwaka 1762, wakapekua kwa saa nne na kubeba karatasi zake. Akawashtaki. Wakajitetea kwamba jambo hilo limekuwa likifanyika siku nyingi na usalama wa dola unalihitaji. Mwaka 1765 jaji Lord Camden aliwajibu kwamba kama ni sheria, itapatikana vitabuni. Isipopatikana, si sheria. Mzigo wa kueleza ukahamia kwa anayeingia. Kifungu cha 12 cha Tamko la Kilimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kinachokataza kuingiliwa kiholela faragha, familia, nyumba na barua za mtu, kimejengwa juu ya wazo hilo. Na Agosti 2017 majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya India, bila hata mmoja kupinga, waliamua kwamba faragha ni haki ya msingi. Kesi ilifunguliwa na jaji mstaafu K. S. Puttaswamy, aliyekuwa na zaidi ya miaka 90 wakati wa hukumu, dhidi ya mfumo wa utambulisho ulioandikisha watu zaidi ya bilioni moja.

Mahakama hizi hazisemi serikali isiingie kamwe. Zinauliza: kuna sheria iliyo wazi? Kuna haja ya kweli? Hakuna njia nyepesi zaidi? Mimi ningeongeza la mlalamikaji, nalo ningelitanguliza. Muswada ukisomwa, kabla ya kushangilia lengo lake, uliza nani aliyeumizwa atakayeita polisi. Kama hayupo, uliza nani atapewa kazi ya kuchungulia, ataandika wapi, na tarehe ya kuchoma alichoandika imetajwa katika kifungu cha ngapi. Mara nyingi kifungu hicho hakipo.

Sheria pia huzungukwa. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Carpenter, kwamba polisi walihitaji kibali cha mahakama kuchukua kumbukumbu za simu zilizoonyesha mtu alipokuwa kwa siku 127, jumla ya nukta 12,898. Ushindi mkubwa. Lakini taarifa za namna hiyo hukusanywa pia na programu za simu na kuuzwa na wafanyabiashara wa data, na idara za serikali zikawa zinazinunua kama mnunuzi mwingine yeyote. Kilichozuiwa mlangoni kikapitia dirishani, na risiti juu.

Stasi nayo ilikuwa na tatizo la faili, mwishoni. Ukuta wa Berlin ulipofunguka Novemba 1989, maofisa waliingia hofu ya kujulikana wamefanya nini, na kwa amri ya nani. Wakaanza kuharibu kumbukumbu. Mashine za kukatia karatasi zilielemewa, wakachana kwa mikono, usiku na mchana, mpaka wananchi walipoziteka ofisi. Makao makuu yaliingiwa 15 Januari 1990. Kilomita 111 za majalada zilisalimika. Pamoja nazo kulikuwa na takriban magunia 16,000 ya vipande. Kuanzia mwaka 1995 watu walikaa mezani huko Zirndorf, Bavaria, wakivioanisha kwa mkono, ukingo kwa ukingo. Baadhi ya waliofuatiliwa wanaweza kusubiri. Wengine walikwisha kusoma, kama mwanasiasa Vera Wollenberger, aliyefungua faili lake na kukuta mdokezi aliyekuwa akiandika habari zake kwa jina la bandia "Donald", na aliyejua mambo ambayo mtu mmoja tu nyumbani angeweza kuyajua. Alikuwa mumewe.